Barua ya malalamiko: seva yetu imeachwa wazi kwa kila mtu

Ofisi ya Upimaji Ardhi,
Moshi.

Mkurugenzi,
Kampuni ya Huduma za Seva na Mitandao,
Arusha.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUVURUGWA KWA UMILIKI NA RUHUSA ZA MAFAILI KWENYE SEVA YETU

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Nimeshapiga simu huduma kwa wateja mara nne, na mara zote nimejibiwa kwamba tatizo hili limeshafungwa. Halijafungwa. Ndiyo maana nakuandikia wewe mwenyewe.

Mwezi uliopita kampuni yako ilihamisha data zetu kutoka seva ya zamani, yaani kompyuta kuu inayotunza mafaili ya ofisi nzima, kwenda seva mpya mliyotuuzia. Ni terabaiti 18: picha za droni, vipimo vya GPS, michoro ya ramani, pamoja na mafaili ya uhasibu na ya wafanyakazi. Kazi ilifanyika Jumamosi na Jumapili. Jumatatu asubuhi wapima wakawa hawawezi kuhifadhi kazi zao, kila wakijaribu wanaambiwa hawana ruhusa. Mchora ramani wetu alifungua sifa za faili alilolichora Ijumaa kwa mkono wake, akakuta limeandikwa kuwa ni la katibu muhtasi.

Chanzo nimekielewa baadaye, baada ya kumlipa mtaalamu mwingine aje kuangalia. Seva haihifadhi jina la mtu kwenye faili, inahifadhi namba. Kwenye seva ya zamani mchora ramani alikuwa namba 1003. Fundi wenu alipofungua akaunti upya alizipanga kwa alfabeti, 1003 ikaangukia kwa katibu muhtasi, na watu wengine nao wakahama namba. Kulikuwa na njia ya kulirekebisha hilo bila madhara: kuandika jedwali la namba za zamani na mpya, kisha kurudisha umiliki kwa kulifuata.

Fundi wenu hakufanya hivyo. Aliingia kwa mtandao akiwa huko Arusha, akaendesha chmod 777, amri ya kubadilisha ruhusa za mafaili, kwenye seva nzima, kuanzia folda ya juu mpaka ya chini kabisa. Saba ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ni ya kundi lake, ya tatu ni ya mtu mwingine yeyote. Na saba maana yake ni ruhusa zote: 4 ya kusoma, 2 ya kuandika, 1 ya kuendesha faili au kuingia kwenye folda. Kazi zikaendelea saa ile ile, nasi tukamshukuru. Hakuna aliyetuambia tumepewa nini.

Wiki iliyofuata kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo alimwita mhasibu kwenye kompyuta yake. "Dada, hili faili siyo langu, lakini linafunguka." Lilikuwa faili la mishahara, na namba za akaunti za benki za wafanyakazi wote zilikuwa pale mbele yake. Namshukuru kijana yule kwa uaminifu wake. Mhasibu wetu amekaa miaka mingi akifunga hizo karatasi kwenye kabati lenye ufunguo mmoja tu.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni kihamba cha Kibosho, shamba la ukoo. Ni familia iliyogombana miaka mingi, na mzee wao alituita tupime mgawo wa watoto wake angali hai. Tulipima siku tatu kwenye tope la masika, kutoka mfereji wa juu mpaka mstari wa masale, mimea ya kuonyesha mpaka, yaliyopandwa na babu yao, na kwa kila bikoni, yaani alama ya mpaka, ndugu wote wakiwa wamesimama wanaangalia. Vipimo vile vikawekwa kwenye folda ya data ghafi, ambayo kwenye seva ya zamani ilikuwa inaandikwa na wapima tu. Mfanyakazi wa idara nyingine, akisafisha nafasi, akaifuta folda nzima akidhani ni nakala. Ruhusa ya kufuta faili haikai kwenye faili lenyewe, inakaa kwenye folda iliyolibeba, na folda zote mlikuwa mmezifungua. Kitu kikifutwa kwenye seva kutoka kompyuta ya mbali hakipitii pipa la taka la kompyuta ile.

Tukakimbilia nakala za akiba ambazo ninyi ndio mnazisimamia. Amri ile ilikuwa imebadilisha alama ya muda wa mabadiliko ya kila faili, kwa hiyo mfumo wa akiba ukaona seva nzima ni mpya na kuanza kunakili terabaiti zote 18 upya. Ulikuwa haujafika kwenye mafaili ya Kibosho.

Tumerudi kupima tena. Mzee alitukuta shambani akauliza, "Mnapima tena kwa nini? Nani amewaambia mbadilishe mpaka?" Sikuwa na jibu ambalo angeliamini, na wanawe wawili waliokuwa wameanza kusalimiana sasa kila mmoja anamshuku mwenzake kwamba alitupa fedha. Hasara hiyo siwezi kuiandikia ankara.

Ninachodai ni hiki. Ndani ya siku 14, fundi mwenye uzoefu aje Moshi, akae na sisi. Kabla hajagusa chochote ahifadhi orodha ya umiliki na ruhusa zilizopo sasa. Namba zibadilishwe kwa mkupuo mmoja kwa kufuata jedwali, maana ukigeuza 1003 kuwa 1005 kabla 1005 haijahamishwa, mafaili ya watu wawili yanachanganyika na hakuna wa kuyatenganisha. Kila idara iwe na kundi lake, na folda zake ziwekwe alama ya kurithisha kundi ili faili jipya lisizaliwe na kundi la aliyelitengeneza. Folda ya mishahara ifungwe leo, isisubiri siku hizo 14. Pia mlipe gharama za upimaji wa marudio na za mtaalamu wa nje, ankara zimeambatishwa.

Nikukumbushe pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa za wafanyakazi na wateja wetu mnazishika kwa niaba yetu, na wajibu wa kuzilinda ni wetu sote. Nisipopata majibu kwa maandishi, nitalifikisha suala hili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Fundi wenu simtakii mabaya. Nataka aelezwe alichokifanya, na asikifanye kwa mteja mwingine. Kwenye kazi yetu anayeng'oa bikoni hatumwachii shamba mpaka azirudishe mahali pake, mbele ya wenye mpaka.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mpima Ardhi na Mkuu wa Ofisi,
Moshi.

Nakala: Mwanasheria wa ofisi.