Lambeth tunaisoma nusu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme juu ya hili jambo la mashoga na wasagaji kanisani, manake kila likizuka huku Mombasa unasikia ni wafukuzwe wafukuzwe basi, na mimi ni Mwanglikana, nimekulia kwaya na sasa niko KAMA, chama cha wanaume Waanglikana Kenya, na nahisi kuna kitu waumini hatuambiwi.

Makasisi wetu wakifika kwa hii mada hawakosi kutaja Lambeth ya 1998, ule mkutano mkuu wa maaskofu wetu. Ni kweli, maaskofu wa Anglikana kutoka dunia nzima walikaa wakapiga kura, 526 wakakubali, 70 wakakataa, ndio hilo azimio namba 1.10, kwamba matendo ya ushoga hayaendani na Maandiko na kwamba ndoa ni ya mume na mke, na maaskofu wa Afrika ndio waliolipigania sana. Sawa. Lakini azimio halikuishia hapo! Hilohilo linasema kanisa lijitolee kuwasikiliza hawa watu wenyewe, liwahakikishie kwamba Mungu anawapenda, na kwamba kila aliyebatizwa na anayeamini ni kiungo kamili cha mwili wa Kristo hata awe anavutiwa na nani. Mbona hiyo nusu sijawahi kuisikia mimbarini, na ilipitishwa na kura zilezile?

Kuwasikiliza ndio hatujafanya kabisa. Kuna kijana alikuwa anapiga kinanda kanisa moja huku Kisauni, mtaratibu, anafundisha watoto wa Sunday school nyimbo, kukaanza kunong'onwa, na hakuna mzee wa kanisa hata mmoja aliyemwita kando akamwuliza mwanangu kuna nini, ila Jumapili iliyofuata mahubiri yakawa Sodoma mwanzo mpaka mwisho na watu wanageuka kumtazama pale alipokaa. Hakurudi tena. Mamake bado anakuja, anakaa viti vya nyuma, ibada ikiisha anatoka haraka kabla watu hawajaanza kusalimiana nje. Sasa huyo mama ametenda dhambi gani? Nauliza kwa uchungu manake ni mama aliyetupikia sote kwenye harusi na matanga.

Na maneno ya mimbarini hayaishii mimbarini. Tukumbuke Mtwapa, Februari 2010, uvumi tu wa harusi ya wanaume wawili, viongozi wa dini wa kanisa na wa msikiti wakasimama wakakemea hadharani, punde umati ukaizingira kliniki iliyokuwa ikiwahudumia mashoga na watu wakapigwa. Sheria iko, najua, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mpaka miaka 14 jela na Mahakama Kuu iliikubali 2019, lakini hiyo ni kazi ya serikali, kasisi hakuwekewa mikono awe polisi. Hata Papa Francis, ambaye hakubadilisha mafundisho ya kanisa lake kuhusu ndoa, alisema wazi Januari 2023 kwamba kuwa shoga si jinai.

Wengine watanijibu Biblia iko wazi. Basi tuisome yote. Torati ilisema towashi, yaani mwanamume aliyehasiwa, asiingie katika kusanyiko la Bwana, iko Kumbukumbu 23, halafu Isaya 56 Mungu huyohuyo anawaahidi matowashi nafasi ndani ya nyumba yake, jina bora kuliko la wana na binti, halafu Matendo 8 unamkuta Filipo amepanda gari la towashi wa Kushi, anasoma naye, na yule towashi akiona maji anauliza ni nini kinachomzuia asibatizwe. Filipo hakwenda kuitisha kamati, walishuka majini wote wawili. Sisemi towashi na shoga ni kitu kimoja. Nasema mtu ambaye sheria ilimweka nje, Roho alimtuma mhubiri akamfuate njiani.

Sisi watu wa Pwani tena ndio tungeelewa haraka, manake kanisa letu lilianza na watu ambao mji haukuwataka. Frere Town ilijengwa 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru, na Rabai walipokelewa watoro waliotoroka mabwana zao, mabwana wakaja juu, wakatisha, na bado wale watu wakabatizwa na wajukuu wao leo ni makasisi na walimu.

Mimi siombi ndoa za jinsia moja kanisani, kwa hilo kanisa langu limesema na niko chini yake. Naomba kijana kama yule aweze kuja ibadani, aimbe, aungame kama sisi tunavyoungama ya kwetu, akifa azikwe na kasisi bila wazee kubishana. Na naomba maaskofu wetu wa Pwani waagize azimio lote la 1998 litafsiriwe na lisomwe parokiani kwa Kiswahili, lote, halafu mtu atumwe akabishe hodi kwa yule mama.

Wako katika Kristo,
Muumini, Kisauni, Mombasa