Jezi Namba 50

Lowell, Massachusetts
12 Februari 2020

Sahibu yangu Athumani,

Salaam nyingi kwako, kwa mama Salim na kwa bibi hapo Kisauni. Sisi wazima, baridi ndiyo hiyo unayoijua. Najua nimekaa kimya tangu Ramadhani, na Bakari kanipasha kwamba umeninunia. Utaendelea kuninunia baadaye. Leo nina msiba, na wa kumlilia ni wewe, maana wewe ndiye uliyenitia kwenye huu mchezo wa besiboli na mapenzi ya Red Sox ya Boston, kisha ukapanda ndege ukaniacha nao.

Wamempeleka Mookie Los Angeles.

Juzi Jumatatu ndiyo imekuwa rasmi. Mookie Betts na mrushaji David Price, wote wawili, kwa Dodgers wa Los Angeles, wale wale tuliowatandika fainali ya 2018. Na huyo Price, nusu ya mshahara wake tunaendelea kuulipa sisi. Yaani unampa mtu mbuzi wako, halafu kila jioni unampelekea na majani.

Unakumbuka 2012? Ulinikokota hadi uwanja wa Spinners, timu ya vijana wa Red Sox, pale kando ya mto, nimetoka zamu ya usiku, macho mekundu. Nikakuuliza yule mtoto mwembamba kapotea njia ya shule au vipi. Ukaniambia, “Mwangalie mikono.” Mikono sikuiona, niliona usingizi tu. Na msimu mzima ule hapa Lowell hakupiga hom ran hata moja, mpira wa kuvuka uzio! Miaka sita baadaye huyo huyo akapiga 32, akawa mchezaji bora wa American League, moja ya ligi kuu mbili, na kombe tukalichukua. Wewe ukanipigia simu alfajiri, unacheka tu, husemi kitu.

Tumepewa nini sasa? Verdugo, kijana hodari kweli, lakini mwisho wa msimu uliopita hakucheza kwa ajili ya mgongo. Wong, mdakaji, bado hajaivaa jezi ya timu kubwa. Na wa tatu, kaa chini kwanza: anaitwa Jeter. Jeter Downs. Wazazi wake walimpa jina la Derek Jeter, aliyekuwa nahodha wa Yankees, mahasimu wetu wa New York! Sisi, watu wa Boston, tunatoa Mookie tunapokea Jeter. Yule mzee wa forklifti aliyekuwa akikuita Profesa hakusema neno jingine siku nzima isipokuwa “Ruth, Ruth.” Ni miaka 100 sasa tangu Boston wamuuze nguli Babe Ruth kwa Yankees, na ubingwa wa 1918 haukupata mwenzake mpaka 2004. Mzee yule anahesabu kabisa, ana vidole.

Mwanzoni timu ya Minnesota nao walikuwamo kwenye biashara hii, na sisi tungepata mrushaji wao, Graterol. Wakubwa wetu wakasoma karatasi zake za hospitali, wakasita. Siku kadhaa biashara ikakwama, nami nikawa naomba ife hivyo hivyo. Haikufa.

Najua utakalosema. Mwenye timu ni John Henry, na John Henry ndiye mwenye Liverpool yako, kwa hiyo wewe humsemi vibaya. Utaniambia Coutinho alipouzwa Barcelona watu walilia vile vile, kisha akaja Alisson, na Van Dijk alikwisha kuwapo, na mwaka jana mkabeba Ulaya. Sawa. Lakini Coutinho alitaka mwenyewe kwenda, na pesa yake mlinunua wanaume kamili. Huku hatukununua mtu, tumepunguza hesabu. Klabu ikipitisha kikomo cha mishahara, mwaka huu dola milioni 208, inatozwa faini, sisi tumepitisha kikomo miaka miwili mfululizo, na mwaka wa tatu faini inapanda. Kandarasi ya Mookie inaisha mwaka huu, na hakuficha kwamba anataka kulijaribu soko. Hesabu naielewa, Athumani. Siku ya kodi ya nyumba nami hupiga hesabu hizo hizo. Ila mimi sina uwanja kama ule wa Fenway wa Red Sox, unaojaa nikipandisha bei.

Kinachoniuma hata si mpira. Usiku ule wa mechi ya pili ya fainali, baridi ya kukata masikio, Mookie katoka kushinda, akabeba trei za chakula akaenda kuwagawia wanaolala nje ya maktaba kuu ya mjini. Wewe umewahi kumwona nani...? Basi.

Sasa shida yangu. Desemba nilimnunulia Salim wako jezi ya Mookie. Namba 50. Ninavyoandika imening'inia nyuma ya mlango, bei bado imo kwenye mkono. Shemeji yako anasema irudishwe dukani, risiti ipo. Ya nyumbani ile nyeupe haina jina mgongoni, kama unavyojua, namba tu, kwa hiyo nikafikiri naweza kumwambia mtoto ni ya mwingine. Lakini mtoto aliyekuwa akiamka saa tisa za usiku kutazama fainali, kesho ana shule, utamdanganya?

Sanduku la Mombasa linafungwa mwisho wa mwezi. Niitie ndani? Salim ameshapata habari, au umemficha? Analia, au ameshahamia Dodgers kama watoto wa siku hizi? Saizi ya miaka kumi na mmoja itamtosha bado, au amerefuka kama mjomba wake? Viatu vya bibi ni namba ngapi? Na lile jambo la kiwanja, yule bwana amesema nini, maana Bakari anaanza kunieleza kisha anakohoa?

Nijibu upesi. Kununa utaendelea nako hapo ulipoachia.

Wako,
Juma