Jiko lisilale ndani, Bakari

Mwanangu Bakari,

Asalaam aleykum. Sisi hatujambo, baba yako naye hajambo isipokuwa lile goti. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilisikia swali la chapati tu, nikacheka mpaka baba yako akaja kuuliza kuna nini. Mara ya tatu ndipo niliposikia ulichokitamka mbiombio mwishoni: kwamba Njombe baridi imeshaanza, na mama Rukia akiwa zamu ya usiku unawaingizia watoto jiko la mkaa chumbani, "kidogo tu, likishaacha moshi". Mapishi uliyoyataka nitakuandikia yote. Lakini jiko kwanza.

Jiko kuacha moshi si kuacha sumu. Makaa mekundu yasiyo na moshi hata chembe yanatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, wala haimkohozi mtu akashtuka. Inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Aliye macho ataumwa kichwa, atasikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi. Aliyelala hasikii lolote, anaendelea kulala. Na mtoto anavuta pumzi haraka kuliko wewe, kwa hiyo yeye hutangulia. Kuyafunika makaa kwa jivu hakusaidii. Beseni la maji kando ya jiko halisaidii. Dirisha kuachwa wazi upana wa kidole ni kujidanganya. Ikitokea Rukia analia kichwa na kutapika, na wewe mwenyewe kichwa kizito, usikae kutafuta vidonge: toa wote nje, kisha hospitali.

Wakitaka joto, chemsha maji, tia kwenye chupa ya mpira ya kukandia, izungushie taulo, ilaze kitandani nusu saa kabla. Mtoto akipanda, chupa inatoka. Soksi, kofia ya sufu kabla ya kulala, blanketi la pili. Basi.

Haya, chapati. Unga wa ngano kilo moja, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, mafuta vijiko vinne vya kulia. Fikicha mafuta kwenye unga kabla ya maji. Maji yawe vuguvugu, anza na nusu lita, halafu ongeza kidogo kidogo. Mara nyingi huishia mililita 600, na unga mkavu hunywa zaidi. Kanda dakika kumi na mbili kwa kutazama saa. Donge liwe laini kuliko unavyodhani, lishike kidole kidogo kisha liachie. Watu wanaogopa donge laini, wanajaza unga, ndiyo maana chapati zao ukizipiga chini zinalia. Funika kwa kitambaa kibichi nusu saa. Kata madonge kumi na mbili, sukuma kila moja, paka mafuta, kunja liwe kamba, zungusha kamba hiyo kama konokono, pumzisha tena robo saa. Hapo ndipo matabaka yanapotoka. Ukiruka mapumziko hayo ya pili donge litakurudia kila ukilisukuma.

Kaango liwe na moto wa kutosha. Moto mdogo unaikausha chapati kabla haijaiva, ndiyo inakuwa biskuti. Geuza kavu upande huu na huu mpaka uone madoa, halafu ndipo mafuta. Ukitoa, zipange moja juu ya nyingine na uzifunike kwa kitambaa ndani ya sufuria, zilainishwe na mvuke wake zenyewe. Ile picha ya Jumapili nimeiona. Umbo sitasema kitu, lakini rangi ni ya mtu aliyekwisha kuelewa moto, na nimewaonyesha dada zako.

Mtu atauliza kwa nini hukufundishwa mapema. Jikoni walikuwamo dada zako watatu, na mtoto wa kiume akikaa jikoni watu husema. Hao watu leo hawapo Njombe kukukandia unga.

Mahamri ndiyo yatakayokutesa zaidi, si kwa sababu ya mkono wako, ni kwa sababu ya baridi. Kilo moja ya unga, sukari gramu 200, hamira kijiko kimoja cha kulia kisichojaa sana, hiliki iliyotwangwa kijiko cha chai, chumvi ya kubana vidole viwili, na tui zito karibu nusu lita. Tui lipashwe, ila hamira inakufa kwenye moto: chovya kidole, kama huwezi kuhesabu mpaka kumi bila kukitoa, subiri lipoe. Nazi ikikosekana, maziwa ya ng'ombe na vijiko viwili vya siagi vitafanya kazi. Hayatakuwa mahamri ya Tanga, lakini Rukia hajui tofauti.

Huku kwetu donge linaumuka ndani ya saa moja. Huko asubuhi ya mwezi wa sita linaweza kukaa saa tatu limelala, na wewe utadhani hamira ni mbovu. Usiongeze hamira, mahamri yatanuka pombe. Weka bakuli la donge ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, funika kwa blanketi, badilisha maji yakipoa. Au kanda saa mbili usiku, acha mezani, ukiamka limeshajaa. Hii ya usiku ndiyo inayofaa zamu zenu. Na usithubutu kulipeleka donge kando ya jiko chumbani eti linaumuka. Najua umeshalifikiria.

Sukuma unene wa nusu sentimita, usawa kote, kata, na uyaache yapumzike dakika kumi na tano chini ya kitambaa. Yakikauka juu hayafuri. Mafuta yawe kina cha vidole vitatu. Tupia kipande kidogo cha donge: kikizama na kupanda polepole huku kinatoa mapovu, anza, kikikaa chini, mafuta ni baridi na andazi litayanywa, kikiwa kahawia mara moja, litaungua nje na kubaki bichi ndani. Likishaelea limwagie mafuta ya moto mgongoni kwa upawa, ndipo linafura kama mpira. Mafuta yakishika moto funika sufuria kwa kifuniko na uzime jiko, maji usimwage kamwe. Wakati wa kukaanga Rukia asiwe jikoni. Mchoree mstari wa chaki mlangoni, watoto wa umri wake wanapenda mistari.

Maharage. Umesema yanapikwa mpaka adhuhuri na bado yanagonga meno. Si mkosi. Hapo mlipo ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzijoto 93 hivi badala ya 100, kwa hiyo sufuria ikichemka kwa kelele bado haina joto la Tanga. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa nguvu dakika kumi za mwanzo bila kupunguza moto, maana maharage mekundu yasiyochemshwa vizuri yanaumiza tumbo vibaya. Kisha punguza. Nyanya na ndimu zisiingie mpaka yameiva, uchachu unayafanya magumu. Na magadi acha. Yanalainisha, ndiyo, lakini yanaua vitamini B1, na mkono wangu ulikuwa mwepesi kwa magadi miaka mingi. Nilikuwa na mkaa wa kuhesabu.

Dawa ya huko juu ni presha kuka. Kwa maharage usivuke nusu ya sufuria, kagua tundu la mvuke kila mara kabla ya kufunga, na usilazimishe kifuniko mpaka mvuke wote umetoka. Mtungi wa gesi ulinunuliwa wa nini kama maharage yanapikwa kwa mkaa? Nasikia unauonea huruma usiishe. Gunia la mkaa linawaka ndani ya nyumba yako kwa sababu unauonea huruma mtungi.

Usinijibu kwamba na sisi mvua ikinyesha tulikuwa tunapikia ukumbini. Ukumbi ule una matundu ya upepo ukuta mzima, na mlango wake tangu lini ukafungika. Na hata hivyo si kila tulilolifanya lilikuwa sawa.

Hamza ana miezi saba, kwa hiyo ziwa la mama bado ndilo chakula chake kikubwa, na vyakula vingine mara mbili au tatu kwa siku. Mama Rukia akikamua maziwa kabla ya zamu, mezani yakae saa nne, si zaidi. Kwenye friji yanafika siku nne. Yapashe kwa kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, usiyatie sufuriani. Uji uwe mzito, ukiinamisha kijiko usikimbie kama maji. Ukiwa mwepesi tumbo linajaa na mwili haupati kitu. Hamza hahitaji chumvi wala sukari. Asali asionje mpaka atimize mwaka, hata akikohoa, hata jirani akikuapia. Ina vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliviwezi.

Huo unga wa lishe wa nafaka saba unaouzwa umefungwa sitaki kuusikia. Nunua mahindi na karanga mwenyewe, chambua karanga mojamoja: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, tupa, usimpe hata kuku. Ukungu huo una sumukuvu, na sumukuvu haifi kwa kuchemshwa. Sehemu tatu za mahindi, moja ya karanga, saga kidogo kidogo usikae nao miezi. Karanga nzima usimpe hata Rukia, zitampalia. Na mko Njombe! Parachichi ambalo wengine wanalisafirisha ng'ambo nyinyi mnalipata sokoni kwa bei ya kutupa. Liponde kwa uma, changanya na kiazi mviringo kilichochemshwa, huyo mtoto atanenepa mpaka ushindwe kumbeba.

Keki ya siku ya Rukia, kwa haraka: siagi gramu 250, sukari gramu 200, mayai manne, unga gramu 280, maziwa robo kikombe, na beking pauda kijiko cha chai kimoja na nusu, si viwili. Hewa ya huko ni nyepesi, keki inapanda kwa pupa kisha inaanguka katikati, kwa hiyo pauda inapunguzwa na maziwa yanaongezwa kidogo. Saga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe, yai moja moja, unga mwisho, na ukishatia unga usikoroge sana. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, chombo cha keki juu ya mafiga madogo, kifuniko chenye makaa. Moto mwingi juu, chini kidogo. Dakika 45, na usifunue kabla ya nusu saa. Yote haya uani. Ukimaliza makaa yatie kwenye debe la bati, funika, yalale huko huko uani.

Kwetu bati la choo limetoboka tena, fundi amekuja mara mbili kuangalia na mara zote mbili ameangalia tu. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja dhaifu. Baba yako anasema ile laki uliyotuma ilikuwa nyingi, mimi nasema haikuwa nyingi lakini imefaa. Dada yako mdogo anauliza kama mahamri yakikushinda aje likizo akufundishe, nimemwambia utayaweza.

Nimekutumia kwa basi gunia lenye nazi ishirini, hiliki robo kilo na mbuzi ya kukunia, ile ya zamani, meno yake bado makali. Nazi mbili zina ufa, anza nazo. Gunia linafika stendi Ijumaa alfajiri, mpelekee kondakta risiti niliyokupigia picha.

Na usiku wa leo jiko liko wapi? Nijibu kabla hujalala.

Mama yako