Siku 21 za tangazo la ndoa

Mhariri,

Sheria ya Ndoa ya 1971 inawataka wachumba watoe taarifa siku 21 kabla ya kufunga ndoa. Hapa Dodoma wengi huzimalizia kwenye vikao vya michango na kuchagua sare, jambo linalotusikitisha sana. Zitumieni kuulizana: nani ana deni, wazazi watatumiwa kiasi gani, fedha ya zabibu, inayovunwa mara mbili kwa mwaka, itashikwa na nani? Upendo huvumilia maswali hayo, tamaa huyakwepa. Anayeficha mkopo leo, mwenzake atausikia kwa mdai mlangoni, na hapo imani huondoka kabla ya fedha. Anayejibu "tutajua mbele ya safari" aulizwe tena kesho yake, kwa upole.

Washauri wa wanandoa,
Dodoma