Malalamiko: nguzo ya baraza iliyooza, na kiraka cha saruji

Rau, Moshi

Ndugu Meneja,

YAH: NGUZO YA BARAZA ILIYOOZA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Novemba 2022 nilinunua kwenu nguzo nne za mkaratusi zilizotiwa dawa, na mafundi wenu ndio waliozisimamisha barazani kwangu. Risiti ya EFD ninayo. Mkaniambia nitazeeka nizikute.

Masika haya mwanangu aliegemea nguzo ya kona, akaniita. Nikachomeka bisibisi kwenye ufa, pale inapokutana na zege. Ikazama hadi mpinini. Nje ganda gumu, ndani unga wa kahawia uliolowa, unanuka uyoga.

Dawa ile hushindiliwa kwa mashine, na kwenye mkaratusi huishia mti wa nje, moyoni haifiki. Fundi wenu alizikata nguzo zilingane, akaelekeza upande uliokatwa chini bila kuupaka chochote, akazungushia zege. Nilikuwepo nimeshika soda, sikujua ninachokitazama. Zege limegeuka bakuli: maji ya mvua yanateremka na nguzo yanatuama humo, na kuvu haidai zaidi ya unyevu.

Nilipopiga simu mlimtuma kijana. Akachokoa uozo kwa patasi, akajaza saruji, akapaka rangi. Ilipendeza, sikatai. Wiki ya pili kiraka kilitoka kizima mkononi mwangu kama jino bovu. Paa la kona sasa limeshuka, nimelitegemeza kwa mirunda miwili.

Ninachotaka ni hiki: mje na jeki, mlinyanyue paa, nguzo itoke yote. Mpya isifukiwe. Ikae juu ya kiatu cha chuma kilichofungwa bolti kwenye zege, iachane na sakafu walau sentimita 5, na palipokatwa papakwe dawa nikiona. Zile tatu mzikague pia, maana zilikatwa na mkono uleule. Gharama zote ni zenu. Kijana wa rangi abaki ofisini.

Nawapa siku 14. Mkinyamaza, barua hii, risiti na picha nitazipeleka Tume ya Ushindani. Na mjue mirunda si yangu, ni ya jirani, naye ameshaniulizia mara mbili.

Mteja wenu.