Barua ya wazi kwa shemeji: uchungu wa Verdicchio si kasoro

Shemeji mpendwa,

Umeniuliza kama chupa yako ya Verdicchio, mvinyo mweupe wa Italia, imeharibika kwa kuwa huacha uchungu mwishoni. Haijaharibika. Uchungu ule wa lozi mbichi ni tabia ya zabibu yenyewe. Kasoro ya kweli utaijua kwa pua: chupa ikinuka boksi lililolowa, kizibo kimeuharibu mvinyo, irudishe dukani.

Verdicchio ni ya mkoa wa Marche, upande wa bahari ya Adriatiki, na lebo itakutajia moja ya sehemu mbili. Castelli di Jesi ni vilima vya nyuma ya mji wa Ancona vinavyofikiwa na hewa ya bahari. Mvinyo wa huko hujaa mdomoni, una harufu ya tufaha bichi, limau na shamari. Matelica iko ndani zaidi, kwenye bonde linalolala kaskazini hadi kusini, ilhali mabonde mengine ya Marche huteremka kuelekea baharini. Milima huikinga hewa ya bahari, usiku hupoa sana, zabibu huiva taratibu huku uchachu wake ukibaki. Kwa samaki wa mafuta mengi mimi ningechukua Matelica.

Neno Classico kwenye chupa ya Jesi linamaanisha zabibu zimetoka eneo la asili la mvinyo huo. Riserva imekaa angalau miezi 18 kabla ya kuuzwa. Hiyo inaweza kutunzwa miaka kadhaa, ikapata harufu ya asali na lozi. Ile ya kawaida inywe ndani ya miaka miwili au mitatu, wala usiihifadhi juu ya kabati la jikoni, maana joto la jiko huimaliza haraka.

Wengi huikosea kwenye ubaridi. Friji ina nyuzi kama 4, na hapo harufu hufungika, ukabaki na uchachu na uchungu mtupu. Nadhani ndicho kilichokupata. Itoe dakika 15 hadi 20 kabla ya kumimina, ifike nyuzi 8 hadi 10. Riserva ipe 12. Ukiwa na haraka, izamishe kwenye ndoo ya barafu na maji, na konzi ya chumvi. Barafu peke yake huchelewa kwa sababu hewa hukaa katikati ya vipande.

Sasa chakula. Uchachu hukata mafuta, uchungu husafisha ulimi baada ya chumvi, kwa hiyo ipe Verdicchio chakula chenye mafuta na chumvi. Watu wa Ascoli, mji mwingine wa Marche, wana zeituni kubwa za kijani zinazojazwa nyama ya kusaga, zikavingirishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa. Sijui mvinyo mwingine unaozifaa hivyo. Ancona wana brodetto, mchuzi wa samaki wa aina nyingi wenye nyanya na siki. Siki ndiyo mtego: mvinyo wenye uchachu mdogo kuliko mchuzi huonekana umepooza kama maji, lakini Verdicchio haiyumbi. Sungura aliyeokwa na shamari na kitunguu saumu anataka Riserva. Hata vincisgrassi, tambi za tabaka zenye nyama na mchuzi wa maziwa, huenda nayo vizuri.

Samaki wako wa kupaka pia atapatana nayo, kwani tui ni mafuta. Ila pilipili weka pembeni: kilevi huuchochea muwasho, na uchungu huzidi. Ukwaju uliotiwa sukari uache kabisa, kwa sababu utamu wa chakula huufanya mvinyo huu mkavu, yaani usio na utamu, uonekane mkali kama ndimu.

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za kawaida. Ikibaki, irudishie kizibo, isimamishe kwenye friji, na uimalize ndani ya siku tatu.