Barua kwa mwanangu: siku ngoma ilipolia Vaishali hakuja mtu

Mwanangu kipenzi, assalaam alaykum.

Niliona usiku ule ule ulivotoka kwenye grupu la ukoo. Namba yako na neno "ametoka" chini ya picha za machungwa alizotuma shangazi yako, basi, na mimi huku Rajgir, India, ilikuwa saa nane ya usiku nikawa naifungua simu naifunga. Sikukupigia. Nilijua nikipiga nitaanza kukwambia uwe na subira, na subira wewe ushakuwa nayo ya kutosha mama, kwaiyo nikaona bora nikae chini niandike, nikueleze nilichokiona jumapili alafu nikuombe kitu.

Huu mji ninaokaa kwa ajili ya kozi umezungukwa na vilima pande zote, zamani uliitwa Rajagaha na ndo ulikuwa makao ya wafalme wa Magadha, dola ya zamani ya huku. Mfalme mmoja, neno lake moja, limeisha. Sasa ng'ambo ya mto Ganga, upande wa kaskazini, walikuwepo watu wanaitwa Licchavi, mji wao Vaishali, na wao ndo waliokuwa wakubwa kwenye muungano wa makabila ulioitwa Vajji. Nazungumzia miaka kama 2400 iliyopita, zama za Buddha, yule mwalimu aliyeanzisha dini ya Kibuddha. Hao hawakuwa na mfalme wa kurithi. Mambo yao waliyaamua kwenye baraza, na aina ile ya utawala waliita gana au sangha, gana maana yake kundi na sangha maana yake mkusanyiko. Yaani dola nzima inaitwa kwa jina la watu kukaa pamoja! Nilivoambiwa hivo niliwaza grupu letu mpaka nikakosa usingizi.

Jumapili tukakodi gari watu wanne, tukatoka alfajiri, tukavuka Ganga pale Patna kwenye daraja ambalo unaenda unaenda halimaliziki, ukishafika Hajipur ni migomba tu kushoto kulia. Vaishali yenyewe leo ni kijiji cha jimbo la Bihar. Unakuta uwanja mkubwa wa nyasi una tuta, na kwenye tuta misingi ya matofali ya kuchoma iliyobaki chini chini, ukikaa juu yake miguu inagusa ardhi. Wenyeji wanapaita ngome ya mfalme Vishal na wanasema ukumbi wa baraza ulikuwa hapo. Nilikaa pale mda mrefu wenzangu wakaniacha wakaenda kunywa chai.

Maandiko ya kale ya Kibuddha yanasema wenye kiti kwenye baraza lile walikuwa 7707, na kila mmoja aliitwa raja, mfalme, na kila mmoja ana makamu wake, jemadari wake na mtunza hazina wake. Namba io usiichukue kama sensa, ila wazo lake ulione, kwamba ufalme waligawana. Kuna andiko jingine linawasema vibaya kwamba kila mmoja wao anajiona, mimi ndo mfalme, mimi ndo mfalme, hamna anayemfata mwenzie. Na sitaki nikupambie, wale 7707 walikuwa wanaume wa koo zinazotawala tu. Mtumwa hakuwa na kiti, kibarua wa shambani hakuwa na kiti, mwanamke hakuwa na kiti. Hapo ntarudi.

Sasa mfalme wa huku kwangu, Ajatashatru, akataka kuwafuta kabisa. Wafafanuzi wa zamani wa maandiko hayo wanasema chanzo ni bandari moja kwenye mto Ganga, bidhaa za thamani zilikuwa zinateremka hapo kutoka mlimani na walitakiwa wagawane nusu kwa nusu, lakini kila mwaka Ajatashatru bado anajiandaa wenzie wa Licchavi washafika wamebeba zote. Kabla ya kupigana akamtuma waziri wake Vassakara akamuulize Buddha itakuwaje. Buddha alikuwa kwenye kilima kinaitwa Kilele cha Tumbusi, ni hapa hapa Rajgir, nimekipanda mara mbili, mawe yake meusi yamekaa kweli kama ndege aliyekunja mabawa.

Kinachonigusa ni kwamba Buddha hakumjibu waziri. Nyuma yake alisimama Ananda, mwanafunzi wake, anampepea kwa upepeo. Buddha akamgeukia yeye akamuuliza, Ananda, umesikia kwamba Vajji wanakutana mara kwa mara, na vikao vyao vinahudhuriwa? Ananda akasema nimesikia. Basi Buddha akasema maadamu wanafanya hivo watazidi kustawi, hawatapungua. Akaendelea hivo hivo mambo saba, waziri kasimama pembeni anasikiliza. Kwamba wanakutana kwa umoja na wanaachana kwa umoja, hawavunji taratibu zao za tangu na tangu, wanawaheshimu wazee wao na kuwasikiliza, hawawakamati kwa nguvu wake na mabinti za watu, wanatunza madhabahu zao, wanawalinda watu watakatifu. La kwanza kabisa lilikuwa kukutana. Wala hakugusia ukuta, tembo wala upinde na mishale.

Vassakara alikuwa mtu mwerevu, alielewa kuliko alivotakiwa. Akasema palepale kwamba basi kwa vita hawapatikani hawa, labda kwa hila na kuwagombanisha.

Na hivi ndivyo wafafanuzi wanavosimulia alivofanya. Alijifanya kagombana na mfalme wake, akafukuzwa, akakimbilia Vaishali. Wapo waliosema asipokelewe huyo, wengine wakasema jamani si kafukuzwa kwa kututetea sisi, wakampokea wakampa na kazi. Akakaa kimya kwanza. Alafu siku moja akamvuta mmoja pembeni akamnong'oneza, eti nyie mnalima? Ndio tunalima. Mnafunga ng'ombe wawili? Ndio wawili. Basi, akaondoka zake. Mwenzie akamfata yule, waziri kakwambiaje? Kaniuliza kama tunalima. Mwenzie akaona ananificha huyu, haiwezekani mtu anivute pembeni aniulize habari za ng'ombe. Mwingine akavutwa pembeni akaulizwa leo umekula mboga gani. Baadae ndo zikaja zenye sumu, nasikia wewe masikini hohehahe, nani kasema, fulani. Nasikia wewe mwoga, nani kasema, fulani. Miaka mitatu tu mwanangu. Ikafika mahali hata wawili hawapiti njia moja.

Walikuwa na ngoma ya kuitana. Akaipiga, kujaribu. Ngoma inalia, watu majumbani wanasema waende hao matajiri wakakutane, waende hao mashujaa. Hakwenda mtu. Akatuma ujumbe kwa mfalme kwamba mda umefika. Ikapigwa tena, tukamzuie asivuke mto, waende hao mashujaa. Ikapigwa tena, tukafunge mageti. Kimya. Ajatashatru akaingia geti liko wazi.

Wajaini, watu wa dini nyingine ya kale ya huku, wanaisimulia vita hiyo tofauti, wao wanataja mtambo wa kurusha mawe makubwa na gari la vita lililofungwa rungu, na kiongozi wa Vaishali anaitwa Chetaka ambaye dada yake Trishala ndo mama mzazi wa Mahavira, mwalimu wao mkuu. Huenda mawe yalirushwa kweli. Mimi kilichonikaa rohoni ni ile ngoma, kwa sababu naijua. Unakumbuka ilivoanza kwetu, kabla hata ya mambo yako? Fulani kasema wewe huna hata hela ya kupalilia kipande chako. Fulani kasema yule mke wake ndo anamtuma. Kikao cha mfungo sita tulikuja kumi na saba, kilichofata tisa, cha mwisho sita.

Sasa nikueleze kitu nilichokuja kukijua ambacho ndo hasa kimenifanya niandike.

Watawa wa Buddha nao jumuiya yao inaitwa sangha, jina lile lile la zile jamhuri, na taratibu za vikao zinafanana na za mabaraza ya enzi zile. Walikuwa na akidi, hawaanzi mpaka watimie idadi. Hoja inasomwa, kwa mambo mazito inarudiwa mara tatu. Wakishindwa kuelewana wanapiga kura kwa vijiti vya rangi tofauti, na anayekusanya vijiti lazima awe mtu asiyependelea, asiye na chuki, asiye mwoga. Tarehe 25 Novemba 1949 Ambedkar, yule aliyeongoza kamati ya kuandika katiba ya India, alisimama bungeni akawakumbusha wenzie jambo hili hili, kwamba India haikuwa ngeni kwa demokrasia, iliwahi kujaa jamhuri, na masharti ya hoja, akidi na kuhesabu kura waliyajua wale watawa, na Buddha aliyewawekea bila shaka aliyachukua kwenye mabaraza ya nchi ya zama zake. Akasema pia kwamba India mfumo huo iliupoteza, na akauliza je itaupoteza mara ya pili.

Lakini kwenye ile hoja inayosomwa mara tatu kuna maneno yanafatia. Anayekubali anyamaze. Asiyekubali aseme. Wakinyamaza wote, imepita.

Nilisoma hapo nikaacha kusoma.

Siku ile Muheza, sebuleni, wewe umekuja na daftari lako la mahesabu ya shamba la babu, matenga mangapi yametoka, nani kalipwa, nani hajalipwa, miaka miwili umeandika kwa mkono wako wakati sisi wanaume hatujui hata idadi ya miti. Na yule mzee wetu mmoja akasema watoto wa kike mambo ya shamba hayawahusu, hao wataolewa. Ulinitazama. Nilikuona ukinitazama. Alafu ukafunga daftari taratibu, ukaliweka kwenye mkoba, ukaenda jikoni kusaidia chai. Mimi nilinyamaza, na kwa kunyamaza kwangu imepita. Sio yule mzee pekee aliyekutoa kwenye kikao, nisamehe mwanangu, na mimi nimo.

Kuna mahali hapo Vaishali panaitwa Kolhua, pana nguzo ya mawe ya enzi za mfalme Ashoka, kama mita 11 kutoka ardhini, imelainishwa mpaka inateleza mkono, juu kakaa simba mmoja anatazama kaskazini. Pembeni kuna stupa ya matofali, yaani kuba la ibada la Kibuddha, na bwawa. Maandiko yanasema Mahapajapati Gotami, mama mdogo wake Buddha aliyemlea mamake alipofariki, alifika Vaishali kwa miguu na wanawake wenzie wengi, kichwa kimenyolewa, miguu imevimba, vumbi mwili mzima, akasimama nje ya mlango analia. Alishaomba mara tatu wanawake waruhusiwe kuwa watawa akakataliwa mara tatu. Ananda ndo alimkuta pale mlangoni. Yule yule wa kupepea. Akaingia ndani akamuombea, akakataliwa na yeye, akabadilisha namna ya kuuliza, akasema je mwanamke hawezi kufika pale mwanaume anapofika? Buddha akasema anaweza. Basi ikabidi mlango ufunguliwe, kwa masharti magumu, lakini ulifunguliwa. Mimi siku ile ya Muheza nilitakiwa kuwa Ananda na sikuwa.

Na bado hawakuisha wale Licchavi. Karne ya 4 baada ya Kristo, miaka mia saba na zaidi tangu ngoma ile, Chandragupta wa kwanza wa ukoo wa Gupta alimuoa binti wao Kumaradevi, na zipo sarafu za dhahabu zenye sura yao wote wawili, jina la mke limeandikwa, na upande wa pili limeandikwa jina la Licchavi. Mtoto wao Samudragupta, aliyetawala sehemu kubwa ya India, anasifiwa kwenye nguzo ya Allahabad kama Licchavi-dauhitra, mtoto wa binti wa Licchavi. Mfalme mwenye majeshi yote yale anajivunia ukoo wa mama yake! Na Nepal walitawala wafalme wenye jina hilo hilo la Licchavi, wameacha maandishi ya mwaka 464 pale Changu Narayan. Ukoo ambao kwenye baraza lake mwanamke hakuhesabiwa, jina lake likabebwa na binti.

Jana nimeandika kwenye grupu, nimeandika mwenyewe kwa jina langu. Nimesema lile neno lililosemwa siku ile sikulikubali na sikulisema kwa wakati wake, nalisema sasa. Nimeomba kikao kiitwe nikirudi, jumamosi ya pili ya Disemba inshallah, na hoja ya kwanza iwe mahesabu ya shamba yasomwe na aliyeyaandika. Shangazi yako kajibu hapo hapo, kasema yeye atakuja hata kama tutakuwa wawili. Baba yako mdogo kasoma hajajibu. Nitawapigia mmoja mmoja.

Sikulazimishi urudi kwenye grupu leo. Naomba uje na lile daftari. Ukishuka stendi ya Muheza mpigie shangazi, atamtuma kijana na bodaboda, na ukae kwenye kiti cha karibu na dirisha maana pale taa inamulika vizuri na maandishi yako ni madogo. Nitakuwa nimekaa pembeni yako.

Baba yako